Programu moja, nakala nne: jinsi ya kumpata anayeilemea kompyuta inapowaka

Umewasha kompyuta, umeweka nywila, eneo-kazi limetokea, halafu kimya. Feni inavuma, diski haipumziki, ukibofya kivinjari unakaa dakika mbili ukikitazama kinavyojikongoja. Unafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloorodhesha kinachoendelea ndani ya mashine, uone kulikoni, na hapo unakuta jina lile lile limejipanga mstari chini ya mstari: manne, saba, pengine kumi na zaidi.

Wengi wakifika hapo hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama wanaua mistari hiyo mmoja mmoja kwa End task, ama wanakata tamaa na kupiga Windows upya. Dawa ya kwanza inadumu mpaka utakapowasha tena. Ya pili inafuta kila kitu pamoja na ushahidi, na mtu akisharudisha programu zake zile zile kwa namna ile ile, baada ya wiki chache yuko palepale alipoanzia.

Swali ninaloanza nalo mimi ni hili: nani ameziita? Kila mchakato, yaani programu au sehemu yake inayofanya kazi wakati huo, una mzazi: mchakato mwingine uliouamuru uanze. Ukimjua mzazi umejua mlango ambamo programu inaingilia, na mlango ukishafungwa huna haja ya kuua chochote.

Mama mmoja, mwalimu, aliwahi kuniletea kompyuta mpakato yake. Nilipomwamkia tu akaniambia, "Marahaba mwanangu. Hii mashine ina virusi, angalia mwenyewe." Kweli, programu yake ya kuhifadhi mafaili mtandaoni ilikuwa na mistari minne, na diski ilikuwa imekwama kwenye asilimia 100. Nikafungua safu inayoonyesha kila mstari umetoka folda gani. Miwili ilitoka C:\Program Files. Miwili mingine ilitoka AppData\Local, ndani ya folda ya mtumiaji. Zilikuwa programu mbili kamili, ya zamani na mpya, kila moja na mtoto wake wa kutafuta masasisho, na zote mbili zinalinda folda moja ya nyaraka. Moja ikigusa faili, nyingine inaona badiliko na kulisoma upya. Hapakuwa na virusi. Zilikuwa zinachokozana zenyewe kwa zenyewe tangu asubuhi.

Kabla ya kugusa chochote

Anzisha mashine upya kwa Restart, usitumie Shut down. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinachoitwa Fast Startup: unapozima, mfumo huhifadhi kiini chake kwenye diski na kukirudisha kilivyokuwa unapowasha. Kwa hiyo aliyesema "nimeshaizima na kuiwasha mara tatu" huenda kiini cha mfumo na madereva yake (programu zinazoendesha vifaa) havijaanza upya hata mara moja. Restart haina mkato huo.

Ukishaingia, isubiri dakika tano au kumi bila kufungua kitu. Dakika za mwanzo mashine yoyote ina msukosuko: masasisho yanatafutwa, mafaili yanaorodheshwa, programu ya kinga dhidi ya virusi inakagua. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha kushughulikia.

Sasa bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Details, bofya kulia juu ya vichwa vya safu, chagua Select columns, kisha weka tiki kwenye Command line. Safu hii moja imenitatulia matatizo mengi kuliko programu zote za kusafisha kompyuta nilizowahi kuziona. Inakuonyesha faili lenyewe liko wapi na limeitwa kwa maneno gani.

Kama unataka hesabu ya haraka, fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, uandike:

Get-Process | Group-Object Name | Sort-Object Count -Descending | Select-Object -First 15 Count, Name

Utapata majina 15 yanayojirudia zaidi. Ukishalipata jina unalolishuku, muulizie mzazi wake, ukiweka jina halisi, pamoja na .exe yake, mahali palipoandikwa jina.exe:

Get-CimInstance Win32_Process -Filter "Name='jina.exe'" | Select-Object ProcessId, ParentProcessId, CreationDate, CommandLine | Format-List

Namba iliyo kwenye ParentProcessId ndiyo ya mzazi. Itafute kwenye Details ujue ni nani. Hapa kuwa mwangalifu: mzazi anaweza kuwa ameshamaliza kazi na kuondoka, na namba yake ikapewa mchakato mwingine usiohusika. Ukiona mzazi alianza baada ya mtoto, huyo si mzazi.

Asiyependa kuandika amri apakue Process Explorer ya Sysinternals, ambayo Microsoft huitoa bure. Inapanga michakato kama mti, watoto chini ya mzazi wao, na ukoo mzima unauona kwa jicho moja.

Wingi ambao si ugonjwa

Nalisema hili mapema kwa sababu nimeona watu wakiharibu mashine nzima kwa kulikimbiza jina ambalo halina kosa.

svchost.exe ndiyo inayotisha zaidi. Ni nyumba ya kupangisha huduma za Windows, yaani programu zinazofanya kazi chinichini bila dirisha. Zamani huduma nyingi zilikaa chumba kimoja. Kuanzia Windows 10 toleo 1703 la mwaka 2017, kompyuta yenye kumbukumbu ya kuanzia GB 3.5 huzipa nyingi kati ya huduma hizo kila moja chumba chake, ili moja ikianguka isiangushe wenzake. Kukuta svchost 60 au 80 ni jambo la kawaida. Andika tasklist /svc kwenye Command Prompt uone kila moja imebeba huduma gani.

Vivinjari navyo hugawana kazi makusudi. Chrome imekuwa hivyo tangu ilipotoka mwaka 2008: vichupo, viongezi na kazi ya michoro vinakaa kwenye michakato tofauti. Edge hufanya vivyo hivyo, na programu nyingi za kuchati na za mikutano zimejengwa juu ya injini hiyo hiyo. Ujanja wa kuzitambua ni huu: soma Command line. Mtoto ana neno --type= likifuatiwa na kazi yake, kwa mfano --type=renderer. Mzazi mkuu hana neno hilo. Kwa hiyo hesabu tu mistari isiyo na --type. Ukipata mmoja kwa mtumiaji mmoja, programu iko moja, hata kama jina limeandikwa mara 20. Ukipata miwili yenye njia tofauti za folda, hapo una kesi.

RuntimeBroker, conhost na dllhost huweza kuwa kadhaa bila shida. csrss.exe kwa kawaida ni mbili, moja ya mfumo na moja ya mtumiaji aliyeingia. Lakini lsass.exe, services.exe na wininit.exe huwa moja moja tu, na makazi yao ni C:\Windows\System32. Ukiona ya pili, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya wavamizi hapo chini.

Dalili: nakala mbili zinazoanza pamoja, na idadi haibadiliki

Hili ndilo ninalokutana nalo mara nyingi zaidi, na lina sura mbili.

Sura ya kwanza ni programu iliyosakinishwa mara mbili, kama ya yule mwalimu. Inatokea kwa sababu visakinishi vingine hukaa kwenye Program Files kwa ajili ya watumiaji wote, na vingine hukaa kwenye AppData ya mtumiaji mmoja bila hata kuomba ruhusa ya msimamizi. Kisakinishi cha aina ya pili mara nyingi hakijui kwamba cha aina ya kwanza kipo. Au ulikuwa na toleo la biti 32 kwenye Program Files (x86), ukaja kuweka la biti 64 bila kuliondoa la zamani. Programu iliyoandikwa vizuri huweka alama inapoanza, nakala ya pili ikiiona alama hiyo inajifunga yenyewe. Matoleo mawili tofauti yakitumia alama tofauti, kila moja linajiona liko peke yake.

Tiba yake ni kuondoa moja kabisa kupitia Settings, Apps. Usifute folda kwa mkono, utaacha mizizi. Kabla ya kuondoa, hakikisha kazi ya mwenye mashine imo kwenye ile inayobaki: ingia, fungua faili la mwisho alilolifanyia kazi, ulisome.

Sura ya pili ni programu moja inayoitwa kupitia milango miwili. Windows ina milango mingi ya kuanzishia, na hakuna anayekagua kama jina limeshaandikwa mlango mwingine. Mzazi ndiye atakayekuonyesha uende wapi.

Mzazi akiwa explorer.exe, tafuta kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows (ifungue kwa regedit), au folda ya Startup. Rejista ina funguo za Run chini ya HKEY_CURRENT_USER na chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE, zote kwenye Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run, na ipo nyingine ya programu za biti 32 chini ya WOW6432Node. Folda za Startup ni mbili pia: bonyeza Windows na R, andika shell:startup kwa ya kwako, na shell:common startup kwa ya watumiaji wote. Mara nyingi kosa ni la mtu mwenyewe aliyeburuta njia ya mkato kwenye Startup ili programu ijifungue asubuhi, ilhali programu yenyewe ilishajiandika kwenye Run.

Mzazi akiwa svchost yenye neno Schedule mwishoni mwa Command line yake, aliyeita ni Task Scheduler, sehemu ya Windows inayoanzisha kazi kwa ratiba. Mzazi akiwa services.exe, hiyo imesajiliwa kama huduma, fungua services.msc.

Kuzunguka milango yote hii kwa mkono kunachosha. Autoruns, nayo ya Sysinternals, huiweka yote kwenye dirisha moja. Ukishaipata ile iliyozidi, ondoa tiki tu, usifute mstari. Tiki hurudishwa kwa sekunde moja ukigundua umekosea. Mstari uliofutwa lazima uuandike upya, tena bila kukosea herufi.

Dalili: nakala zinaongezeka kadiri siku inavyosonga

Asubuhi zilikuwa mbili, mchana ni tisa, jioni mashine haisogei. Hapa karibu kila mara ni kazi iliyopangwa kwenye Task Scheduler inayoanza tena kabla ile ya awali haijamaliza. Fungua taskschd.msc, tafuta kazi yenye jina la programu hiyo, angalia mambo mawili.

La kwanza ni Triggers. Kazi moja inaweza kuwekewa vichochezi vitatu: mashine inapowaka, mtumiaji anapoingia, na skrini inapofunguliwa baada ya kufungwa. Anayefunga skrini kila anapoinuka kwenye kiti ataiita programu mara kumi kwa siku bila kujua.

La pili liko kichupo cha Settings, chini kabisa: kanuni inayosema kifanyike nini kama kazi tayari inaendelea. Ikiwa imewekwa Run a new instance in parallel, kila mwito unazaa nakala mpya. Weka Do not start a new instance. Kama kazi yenyewe ni skripti ya kunakili mafaili au ya kuunganisha diski ya mtandao, iwekee pia kikomo cha muda, kwa sababu skripti inayosubiri seva isiyojibu inaweza kusubiri hadi kesho.

Dalili: namba ya mchakato (PID) inabadilika kila unapoitazama

Jina ni lile lile, mistari ni miwili, lakini ukiitazama baada ya nusu dakika PID zote zimebadilika. Hiyo programu inaanguka na kuinuliwa, inaanguka na kuinuliwa. Pengine utaona WerFault.exe ikipita haraka. Hiyo ndiyo inayoandika ripoti za ajali. Kila kuinuka ni kusoma upya kutoka diskini mafaili yote ambayo programu inayategemea, ndiyo maana mashine inakuwa nzito ingawa programu haifanyi kazi yoyote ya maana.

Fungua Event Viewer, Windows Logs, Application, utafute tukio namba 1000. Litakutajia faili lililoanguka na moduli, yaani kipande cha programu, ambamo ajali ilitokea. Kwa huduma, angalia System, matukio namba 7031 na 7034, yanayosema huduma fulani imekufa ghafla na imeshakufa mara ngapi. Ukiona namba hiyo imefika mamia, umempata mtu wako.

Hapo tatizo si kuanza mara mbili, ni kushindwa kubaki hai. Sababu nilizokutana nazo ni faili la mipangilio lililoharibika umeme ulipokatika wakati linaandikwa, faili lililozuiwa na kinga, au lango la mtandao (port) lililoshikwa tayari na programu nyingine. Jaribu Repair ya programu yenyewe kwanza, kisha kuiondoa na kuiweka upya. Kwenye services.msc, kichupo cha Recovery kina kipengele cha kuifanya huduma isijaribu kuinuka tena. Kinafaa kwa programu za nje, tena kwa muda tu unapochunguza. Huduma za Windows zenyewe usiziguse hapo.

Dalili: programu uliyoifunga jana imefunguka yenyewe leo, mara mbili

Nenda Settings, Accounts, Sign-in options, utafute kipengele kinachohifadhi programu zinazoweza kurudishwa na kuzianzisha tena unapoingia. Kikiwa kimewashwa, Windows inarudisha ulichokuwa umekiacha wazi, na wakati huo huo mlango wa Run unakiita kwa mara ya pili. Zima kimojawapo. Kwenye Mac, mwenzake ni ile tiki ya kufungua madirisha upya inayotokea unapozima mashine.

Programu mbili za kinga

Sitalirefusha. Kinga mbili zinazokagua kila faili linalofunguka zitakaguana zenyewe, na wakati wa kuwaka ndipo mafaili mengi hufunguka kwa pamoja. Microsoft Defender hujitoa yenyewe unapoweka kinga nyingine inayojisajili kwa Windows, lakini kinga mbili za nje hazina makubaliano hayo. Chagua moja.

Wavamizi

Mvamizi hupenda kujificha kwenye jina ambalo umeshazoea kuliona likijirudia. Mwaka 2014 kulikuwa na programu hasidi iliyoitwa Poweliks ambayo ilijihifadhi ndani ya rejista badala ya kwenye faili la kawaida, na dalili yake kubwa ilikuwa msururu wa dllhost.exe uliokula kumbukumbu yote. Faili la dllhost lilikuwa halali kabisa. Kilichoingizwa ndani yake ndicho kilichokuwa hatari.

Kagua vitu vitatu. Herufi za jina: scvhost au svch0st si svchost. Folda: jina la mfumo linalotoka AppData au Temp si la mfumo. Sahihi ya kidijitali ya aliyelitengeneza faili: kwenye Process Explorer washa Verify Image Signatures, uone kama faili linalojiita la Microsoft limethibitishwa kweli. Ishara nyingine ninayoiheshimu ni feni inayovuma, kisha inanyamaza ukifungua tu Task Manager. Baadhi ya programu zinazochimba sarafu za kidijitali kwa siri hujisimamisha zikihisi zinaangaliwa.

Ukishuku, usiendelee kuua mchakato mmoja mmoja. Mwenzake anaweza kuwa anamsubiri amfufue. Tenganisha mtandao, kisha endesha ukaguzi wa Microsoft Defender Offline, ambao huanzisha mashine upya na kukagua kabla Windows ya kawaida haijaamka. Baada ya hapo badilisha nywila zako, na uzibadilishie kwenye kifaa kingine.

Kwenye Mac na Linux

Kanuni ni ile ile, milango tu ndiyo mingine. Kwenye Mac, kuanzia macOS 13, angalia System Settings, General, Login Items, kisha folda za LaunchAgents na LaunchDaemons ndani ya Library, ile ya mtumiaji na ile ya mashine nzima. Kwenye Linux, angalia ~/.config/autostart, /etc/xdg/autostart na huduma za systemd za mtumiaji. Amri ps -ef --forest inakuchorea ukoo wote, na systemd-analyze blame inakutajia huduma zilizochukua muda mrefu kuanza.

Kama bado hujampata

Bonyeza Windows na R, andika msconfig, nenda Services, weka tiki kwenye Hide all Microsoft services kwanza kabisa, ndipo uzime zilizobaki. Zima pia vya Startup kupitia Task Manager, kisha Restart. Mashine ikiwa nyepesi, rudisha nusu, uanzishe upya. Ikiwa nzito tena, mkosaji yuko kwenye nusu hiyo; igawe tena. Kwa vitu 16 unahitaji kuanzisha upya kama mara nne tu, wakati kujaribu kimoja kimoja kungekula siku nzima.

Ukishatibu, anzisha upya mara mbili, sio mara moja. Mashine ya yule mama nilipoondoa programu ya zamani na kuanzisha upya, ilikuwa nyepesi, diski imetulia kwenye asilimia 3. Nikaanzisha tena kwa mazoea, nikakuta kazi mpya kwenye Task Scheduler: kisasishaji cha ile ya zamani kilikuwa kimebaki, na kilikuwa kinapakua nakala nyingine ili kirudishe kile nilichokitoa. Nikakiondoa nacho, nikaanzisha upya mara ya tatu, nikahesabu mistari. Ilikuwa miwili: programu na mtoto wake.